Wimbo Uliokwama

Kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wengi wa gredi ya sita walikimbilia uwanjani. Sadia hakwenda nao. Alifunga begi lake, akavuta hijabu mbele ili vumbi lisimwingie machoni, akashika njia ya kwenda kwao mtaa wa Bula Pesa. Mdogo wake Deqa alikuwa akimngoja mlangoni, ameketi juu ya mtungi mtupu wa maziwa.

"Abaayo, umechelewa," Deqa alisema. Hivyo ndivyo alivyozoea kumwita dada yake kwa Kisomali.

"Sijachelewa. Simama twende."

Siku zote zilikuwa hivyo tangu kiangazi kianze. Sadia alimshika Deqa mkono, wakapita kando ya msikiti, wakavuka barabara kuu kwa uangalifu, wakafika kwenye zahanati ndogo iliyo nyuma ya maduka ya nafaka. Walikwenda polepole. Deqa alikuwa na miaka saba, na goti lake la kushoto halikuweza kunyooka.

Mama yao, ambaye walimwita Hooyo, aliuza maziwa ya ngamia sokoni. Asubuhi moja alikuwa amechemsha maziwa katika sufuria kubwa. Deqa, akimkimbiza paka, akaikumba sufuria hiyo, na maziwa ya moto yakammwagikia mguuni. Kidonda kilichukua muda mrefu kupona. Kilipopona kiliacha kovu pana nyuma ya goti, gumu kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa juani. Kila kovu lilipokauka, lilivuta goti likajikunja.

"Kovu hili lisiponyooshwa kila siku, litakaa lilivyo," Daktari Kajuju alikuwa amemwambia Hooyo. Daktari Kajuju alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo, mwanamke mrefu kutoka Meru ambaye hakupenda maneno mengi. "Mazoezi yatamuuma. Lakini yasipomuuma sasa, ataumia maisha yake yote."

Mwanzoni Deqa alilia hadi sauti ikakauka. Hakuna aliyeweza kumnyoosha mguu. Ndipo Daktari Kajuju alipotoa kabatini mashine ya zamani ya gemu, akaiunganisha na televisheni, kisha akatandaza sakafuni mkeka wa plastiki wenye mishale minne. Muziki ulipoanza, mishale ilipanda kwenye televisheni, na mchezaji alitakiwa kukanyaga mshale kama huo mkekani, sawasawa na mdundo. Mbele, nyuma, kulia, kushoto. Deqa alicheza. Mguu ulimuuma, uso ukamkunjamana, lakini alisahau kulia.

Nyimbo za gemu hiyo zilikuwa chache, na baada ya muda Deqa alizichoka. Daktari Kajuju aliposafiri kwenda Nairobi alizunguka kwa wauzaji wa vyombo vya mitumba hadi akapata diski nyingine ya gemu ile ile. Ilikuwa diski ya nyongeza, iliyojaa nyimbo mpya. Gemu ilikuwa ya zamani sana, na diski kama hizo hazitengenezwi tena popote.

Kati ya nyimbo hizo mpya, Deqa aliupenda mmoja. Mwimbaji wake aliimba kwa lugha wasiyoijua, na katikati ya wimbo sauti yake ilitetemeka kama mbuzi anayemwita mtoto wake. Deqa aliuita wimbo wa mbuzi. Kila ulipofika hapo alicheka kwa sauti na kukanyaga kwa nguvu zaidi. Goti lilianza kufunguka. Daktari Kajuju alipiga makofi. Mzee M'Ikiara, mhudumu aliyefagia chumba, kufuta vyombo na kutunza ufunguo wake, aliacha ufagio na kupiga makofi pia.

Sadia alikaa kwenye benchi ukutani, begi la shule mapajani.

Aliujua wimbo wa mbuzi kuliko Deqa. Aliujua kila mshale wake. Miguu yake ilicheza chini ya benchi bila yeye kuiambia. Siku moja alijipa moyo.

"Daktari, naomba nami nijaribu. Mara moja tu."

"Mkeka umechakaa, Sadia," Daktari Kajuju alijibu bila kugeuka. "Tuuhifadhi kwa wagonjwa."

Jioni hiyo Hooyo aliporudi kutoka sokoni, kabla hata ya kuweka mitungi chini, aliuliza, "Deqa ameendeleaje leo?" Sadia alimweleza. Alikuwa na karatasi ya mtihani wa hesabu mfukoni, na alikuwa amefanya vizuri. Alingoja kuulizwa. Hooyo alimpaka Deqa mafuta kwenye kovu, akamwimbia, akamlaza. Karatasi ilibaki mfukoni.

Ijumaa iliyofuata, wakati mazoezi yalikuwa yamekwisha, Daktari Kajuju aliitwa haraka kumwona mchunga mifugo aliyevunjika mkono. Mzee M'Ikiara alikuwa nje akichoma takataka. Deqa alikuwa mlangoni akivaa viatu. Sadia alibaki peke yake na mashine. Jalada la diski ya nyongeza lilikuwa mezani. Alilifungua, akaitoa diski, akaiingiza katikati ya kurasa za kitabu chake cha hesabu, akalifunga jalada na kulirudisha lilipokuwa.

Nitairudisha Jumatatu, alijiambia. Hakuna atakayeumia.

Rafiki yake Kaari, binti wa mfanyabiashara wa miraa, alikuwa na mashine kama ile nyumbani. Kaka yake alikuwa ameiacha alipokwenda chuoni. Haikuwa na mkeka, lakini mtu angeweza kucheza kwa kubonyeza vitufe. Siku iliyofuata wasichana hao wawili walikaa sakafuni mbele ya televisheni, wakaweka diski, wakangoja.

Muziki haukuja. Kwenye televisheni yalitokea maandishi ya kigeni na picha ya diski nyingine.

"Inataka nini?" Kaari aliuliza.

"Sijui. Kule zahanati inacheza."

Hawakujua kwamba diski ya nyongeza ilikuwa na nyimbo tu. Gemu yenyewe ilikuwa kwenye diski ya kwanza, na hiyo ndiyo iliyopaswa kuwekwa mashineni mwanzo, isomwe, kisha itolewe na kupisha ya pili. Daktari Kajuju alifanya hivyo kila siku kabla ya wao kufika. Sadia hakuwahi kuona.

Walizima na kuwasha, wakazima na kuwasha. Picha ile ile ilirudi. Kaari alishikwa na hasira, akafungua kifuniko cha mashine huku diski bado inazunguka. Diski ikagonga ukingo, ikaruka, ikaanguka kwenye saruji na kuteleza hadi chini ya kiti. Katika mji wa Isiolo hakuna sakafu isiyo na mchanga wakati wa kiangazi. Kaari aliiokota akaisugua kwa pindo la sweta yake.

"Usisugue!" Sadia alisema, lakini alikuwa amechelewa. Walipoiinua kwenye mwanga wa dirisha, mikwaruzo ilionekana, mirefu, imezunguka kama njia za ng'ombe kuzunguka kisima.

Wakatazamana.

"Irudishe tu," Kaari alinong'ona. "Ilikuwa ya mtumba. Watafikiri ilikuwa hivyo hivyo."

Jumatatu Sadia alimharakisha Deqa njia nzima, wakafika mapema kuliko kawaida. Daktari Kajuju alikuwa bado na mgonjwa mwingine upande wa pili wa pazia. Sadia aliirudisha diski kwenye jalada lake na kwenda kukaa kwenye benchi.

Daktari Kajuju alipokuja kuiandaa mashine, Sadia alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari. Lakini Deqa alikuwa akirukaruka akisema, "Wimbo wa mbuzi! Wimbo wa mbuzi!" na daktari alikuwa akitabasamu, jambo ambalo halikutokea mara nyingi. Sadia akafunga mdomo. Labda itacheza, alifikiri.

Ilicheza. Wimbo ulianza vizuri. Deqa alikanyaga mbele, nyuma, kulia. Ulifika mahali pa sauti ya mbuzi, naye akacheka, akainua mguu wake mzima kungoja mshale unaofuata, akisimama kwa mguu wenye kovu peke yake. Sauti ikakwama. Me-me-me-me, ilirudia, haimaliziki. Mishale iliganda. Deqa alingoja mguu ukiwa hewani, macho yakiwa kwenye televisheni. Goti bovu likatetemeka, kisha likamwangusha.

Alianguka vibaya. Kovu lilipasuka nyuma ya goti, na damu ikaingia kwenye mishale ya mkeka. Deqa alipiga kelele, sauti ya mwimbaji ikaendelea kukwama, hadi Mzee M'Ikiara alipokuja mbio na kuchomoa waya ukutani.

Baada ya kidonda kufungwa bandeji, Daktari Kajuju aliitoa diski akaigeuza kwenye mwanga. Uso wake ulibadilika.

"Ni nani huifuta diski hii?"

"Mimi, daktari," Mzee M'Ikiara alisema. "Kila Ijumaa jioni nafuta vyombo vyote, na majalada yote. Lakini Ijumaa hii sikufungua..." Akasita, akajaribu kukumbuka. "Sijui kama nilifungua."

"Kwa kitambaa gani?"

Mzee alileta kitambaa chake. Daktari Kajuju alikikung'uta juu ya kiganja chake. Chembe za mchanga zilidondoka, kama ambavyo zingedondoka kutoka kitambaa chochote mjini.

"Mzee, umemwona mtoto," alisema kwa sauti ya chini. "Naomba ufunguo wa chumba hiki. Kuanzia leo nitakisafisha mwenyewe."

Mzee M'Ikiara alitoa ufunguo kwenye kamba shingoni mwake. Alikuwa ameuvaa tangu zahanati hiyo ifunguliwe. Aliuweka mezani, akatoka nje. Sadia aliangalia sakafu.

Kuanzia siku hiyo nyumba yao iliingiwa na kimya. Kidonda kilipaswa kufunga kwanza, kwa hiyo mazoezi yalisimama. Kilipofunga, kovu lilikuwa limekaza zaidi kuliko mwanzo. Deqa alitembea kwa ncha ya vidole. Alipopelekwa tena zahanati aliuona mkeka, akamng'ang'ania Sadia na kulia, wala hakukubali kuukanyaga.

Daktari Kajuju alimwita Hooyo. Sadia alikuwepo.

"Mama Sadia, sitakuficha. Hali ya goti inarudi nyuma. Likiendelea hivi, itabidi apasuliwe, na upasuaji huo haufanyiki hapa. Ni safari, ni kulazwa, na hata baada ya hapo mazoezi yataanza upya."

Hooyo alirudi nyumbani akaketi kati ya mitungi yake, mikono mapajani, wala hakuiosha mitungi hiyo hadi maziwa yakaanza kugandia ndani. Baba yao alikuwa mbali upande wa Kulamawe na ngamia. Alipopiga simu na kuuliza hali ya Deqa, Hooyo alisema, "Alhamdulillahi, yuko hai," kisha akaondoa simu sikioni ili asisikike akilia.

Sadia aliacha kula vizuri. Shuleni mwalimu alimuuliza kama ni mgonjwa. Kaari alimwepuka. Kila asubuhi alijiambia kwamba leo atasema, na kila asubuhi ilikuwa ngumu kuliko ile ya jana, kwa sababu sasa angelazimika kueleza pia kwa nini hakusema jana.

Jioni moja mtu alibisha hodi. Alikuwa Mzee M'Ikiara, amevaa koti lake la kanisani, ameshika mapapai mawili kwenye mfuko wa karatasi.

"Habari za hapa, mama?"

"Nzuri, mzee. Karibu ndani. Sadia, leta chai."

Sadia alikwenda kumimina chai. Kupitia pazia la jikoni alimwona mzee akivuta kigoda, akikaa karibu na mkeka aliolalia Deqa.

"Mjukuu wangu," mzee alisema, "nimekuja kukuomba msamaha. Mimi ndiye niliyeharibu wimbo wako."

Deqa alimtazama. "Mbona hukuangalia?"

Mzee aliweka mapapai sakafuni. "Macho yangu yamezeeka. Nilifikiri bado naona vizuri. Nimejaribu kukumbuka siku ile niliifuta vipi, na sikumbuki kitu. Labda hata akili imeanza kuchoka. Nimewaambia zahanati kwamba nitaacha kazi, nirudi kijijini kwangu. Mtu asiyeona mchanga kwenye kitambaa hafai kukaa karibu na watoto wagonjwa."

"Usiseme hivyo, mzee," Hooyo alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Vikombe viligongana kwenye sinia. Sadia alikuwa amesimama penye pazia, chai ikimwagika.

"Si yeye," alisema.

Wote waligeuka.

"Hooyo, si yeye. Ni mimi. Niliichukua ile diski. Nilikwenda nayo kwa kina Kaari tucheze. Ikaanguka. Nikairudisha bila kusema." Alipumua kwa nguvu. "Nilijua imekwaruzwa. Nilijua kabla Deqa hajaanza kucheza."

Nje, mbuzi wa jirani walikuwa wakiingizwa zizini. Hooyo aliinuka, akachukua sinia mikononi mwa Sadia, akaliweka chini. Sadia alifumba macho akingoja kofi. Halikuja.

"Mwangalie mzee," Hooyo alisema. "Usiniangalie mimi. Mwambie yeye."

Hilo lilikuwa gumu kuliko kofi. Sadia alipiga magoti mbele ya kigoda. "Mzee M'Ikiara, ulipewa lawama yangu. Nilikuona ukitoa ufunguo, nikanyamaza. Naomba unisamehe."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo macho yangu hayajaharibika?" aliuliza, kama mtu anayeogopa jibu. Kisha akavua kofia yake, akaiangalia. "Mtoto, nimekuwa nikijiuliza usiku na mchana nimefanya nini. Nilifika mahali nikaamini." Alinyanyuka polepole. "Nitakusamehe. Lakini si leo. Leo bado inauma."

Aliaga akaondoka, chai yake haikuguswa. Sadia alimgeukia Deqa, lakini Deqa alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake.

Kesho yake Hooyo hakwenda sokoni. Alimpeleka Sadia kwa Daktari Kajuju, na Sadia alirudia kila kitu tangu mwanzo. Kaari naye alikuja na mama yake, macho yamevimba. Daktari Kajuju alisikiliza bila kuwakatiza. Walipomaliza, jambo la kwanza alilofanya ni kutoka nje hadi pale Mzee M'Ikiara alipokuwa akifagia ua.

"Mzee," alisema, na wote walimsikia, "nilikuhukumu kwa kitambaa. Sikuuliza mtu mwingine yeyote. Nimekosa. Pokea ufunguo wako, na kama bado unataka kuondoka, usiondoke kwa sababu ya jambo hili."

Mzee aliupokea ufunguo kwa mikono miwili. Aliuvaa shingoni, akauingiza ndani ya shati, akaendelea kufagia.

Daktari Kajuju alirudi kwa Sadia. "Ungeniambia siku ile kabla sijawasha mashine, ningeiweka diski hiyo kando, tungetumia ile ya kwanza. Deqa angenung'unika, basi. Asingeanguka."

Sadia alianza kulia.

"Machozi hayanyooshi goti," daktari alisema, si kwa ukali. "Unataka kusaidia? Asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, kovu lipakwe mafuta, lisuguliwe, goti linyooshwe taratibu. Kila siku, bila kuruka. Mama yako anafanya biashara, hawezi peke yake. Nitakufundisha mara moja, uangalie vizuri."

Sadia aliangalia vizuri. Lakini nyumbani Deqa hakumkubali.

"Usiniguse! Wewe ndiye uliyeniangusha."

Kwa hiyo Hooyo ndiye aliyefanya mazoezi hayo, amechoka, asubuhi kukiwa bado na giza na jioni akiwa na vumbi la soko miguuni. Sadia alikaa kando, akashika chupa ya mafuta na kitambaa. Aliosha mitungi ya maziwa yote, akaifukiza moshi wa kuhifadhi maziwa kama Hooyo alivyomfundisha, ili mama apate nafasi ya kukaa na Deqa. Hakuna aliyemshukuru, naye hakungoja shukrani. Siku moja akiwa anaosha mitungi alimsikia Deqa akiimba kwa sauti ndogo wimbo wa mbuzi. Aliuimba hadi pale ulipokwama siku ile, akanyamaza. Sadia aliinamia mtungi, akasugua mahali palipokuwa safi tayari.

Upepo wa kiangazi uliendelea kuvuma. Jioni moja maziwa kutoka Kulamawe yalichelewa kufika sokoni, na Hooyo akachelewa nayo. Giza lilikuwa bado halijaingia. Deqa alianza kujikunakuna kovu, kwa sababu lilipokauka lilimwasha na kumkaza. Alimwangalia dada yake. Kisha, bila kusema kitu, aliisukuma chupa ya mafuta kwa mguu hadi ikamgusa Sadia gotini.

"Polepole," alisema.

Sadia alinawa mikono, akapaka mafuta, akaanza kusugua kwa vidole gumba kama alivyofundishwa. Alipolinyoosha goti, Deqa aliuma meno na kumshika mkono kwa kucha. Sadia alimwacha amshike. Kucha zilimwachia alama, naye hakuutoa mkono wake.

"Inauma," Deqa alilia.

"Najua. Tupumzike?"

"Hapana. Maliza."

Wakaendelea hivyo, asubuhi na jioni. Kuna siku Deqa aligoma, kuna siku alimrushia chupa. Kuna siku goti lilikaza tena na ikawa kama hawajafanya lolote. Mwishowe alikubali kurudi kwenye mkeka, na diski ya kwanza, nyimbo zile zile za zamani alizozichoka. Sadia alisimama mbele yake, amenyoosha mikono, tayari kumdaka. Benchi la ukutani lilibaki tupu.

Muhula ulipokaribia kwisha, Daktari Kajuju alimlaza Deqa kitandani akalipima goti lake, akalinyoosha, akalikunja, akalinyoosha tena. Hooyo alikuwa amesimama karibu, midomo ikisoma dua.

"Hatahitaji kupasuliwa," daktari alisema.

Hooyo alifunika uso kwa ncha ya shungi lake.

"Lakini halijanyooka lote," Daktari Kajuju aliendelea. "Ile sehemu ya mwisho sidhani kama tutaipata tena. Atatembea, atakimbia, atacheza. Akichoka atachechemea kidogo. Msiache mazoezi."

Sadia alisikia maneno hayo yote, hasa yale ya mwisho. Walipotoka nje, Mzee M'Ikiara alikuwa akimwagilia maji uani kutuliza vumbi. Sadia alimsalimu. Mzee aliitikia salamu, kisha akaongeza, "Umefanya kazi, Sadia. Nimekuona." Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja kwa jina tangu jioni ile ya mapapai.

Njiani Deqa alitangulia mbele. Hooyo alitembea na Sadia, mkono wake begani mwa binti yake.

"Hooyo," Sadia aliuliza, "kile kidogo kisichonyooka, ni kwa sababu yangu?"

Mama angeweza kumwambia hapana. Alifikiri, akaamua kutomdanganya.

"Sehemu moja ni maziwa niliyoyaacha mimi karibu na mtoto. Sehemu nyingine ni kunyamaza kwako. Sikiliza, mwanangu. Kuchukua kitu cha watu bila ruhusa lilikuwa kosa. Kuanguka kwa diski ilikuwa ajali. Lakini wewe ulichagua kunyamaza upya kila siku, na kila siku mtu mwingine alikulipia. Mzee alilipa. Deqa alilipa. Ukweli hata ukichelewa ni ukweli, na ni heri uliusema. Lakini ukichelewa hukuta watu wameshaumia. Ukikosea tena, na utakosea, kwa sababu wewe ni binadamu, usilale na kosa hilo. Liseme siku hiyo hiyo."

"Nitalisema, Hooyo."

"Na kama kuna jambo linalokuuma moyoni, hata wivu, nalo niambie. Nilimtazama mtoto mmoja tu, nikamsahau wa pili. Hilo ni kosa langu."

Walipofika barabara kuu, Deqa alikuwa amesimama kando ya lami akiwangoja, mguu umeanza kumchoka. Sadia aliharakisha, akamshika mkono, akaangalia kulia na kushoto, wakavuka pamoja kwa mwendo wa Deqa.